Rudisheni Mlichochuma Nhica

Mwaka 1998 mtaalamu wa mimea G. P. Clarke alichapisha hoja nzito katika kitabu kilichotolewa na bustani ya Kew, Uingereza. Alisema misitu ya pwani yetu, kuanzia kusini mwa Somalia, ikishuka Kenya na Tanzania hadi kaskazini mwa Msumbiji, ina mimea mingi isiyoota popote pengine duniani, kwa hiyo inastahili kuhesabiwa kuwa kanda ya peke yake. Kanda hiyo akaipa jina la Waswahili. Tangu hapo wanasayansi wakiandika juu ya mti wa Rondo, wa Arabuko au wa Palma, wanaliandika jina letu.

Nani alikuja kutuambia? Muulize mwalimu wa biolojia wa Mtwara. Muulize mchoma mkaa wa Kilwa, mganga wa Lamu, fundi wa mitumbwi wa Palma. Zaidi ya robo karne imepita, na wasomi wa dunia wanajua kwamba upo msitu wa Waswahili. Wasiojua ni Waswahili. Jambo hili linanikera, na sitalisema kwa kunong'ona: utafiti unaochuma kwa watu usirudi kwa watu hao ni uvunaji, na anayeufanya ni mvunaji hata kama mkononi ana kalamu badala ya shoka.

Twende Nhica do Rovuma tulione jambo lenyewe. Ni kijiji cha wilaya ya Palma, mkoa wa Cabo Delgado, magharibi ya mji wa Palma na si mbali na bonde la Mto Ruvuma. Lugha za watu wa wilaya ile ni Kimakonde, Kimakwe, Kimwani na Kiswahili. Kireno ni cha ofisini na shuleni. Ukivuka mto uko Mtwara, na unakuta watu walewale, koo zilezile, mazishi na ngoma zilezile. Mpaka ule haukuchorwa na mtu wa huko. Wajerumani na Wareno waliukubaliana mwaka 1886, na wenyeji wakaja kuukuta umeshapita juu ya vichwa vyao.

Mwaka 2008 na 2009 msafara wa wataalamu ulifika katika misitu ya ukanda huo, Nhica ikiwemo. Uliandaliwa na Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Viumbe ya Paris pamoja na shirika la Pro-Natura International, na ndani yake walikuwamo wataalamu wa Kew na wa taasisi ya utafiti wa kilimo ya Msumbiji, IIAM. Mwaka 2011 Jonathan Timberlake, David Goyder na wenzao, Wamsumbiji wakiwemo, wakachapisha matokeo. Walikuwa wameorodhesha zaidi ya aina 700 za mimea. Makumi yake hayakuwa yamewahi kurekodiwa Msumbiji, na makumi mengine walidhani ni mapya kabisa kwa sayansi. Wakapima pia msitu wenyewe: kati ya kilomita za mraba takribani 6,000 za msitu mkavu wa pwani uliokuwa Cabo Delgado zamani, zilizobaki zilikuwa 1,200 hivi. Katika kila hekta tano, nne zimekwenda.

Hiyo ni kazi ya daraja la kwanza, na simdharau hata mmoja wa walioifanya. Bila wao tusingejua tunapoteza nini. Lakini habari ya kwamba nyumba yako imeungua sehemu nne kati ya tano hupelekwa kwanza kwa nani? Hupelekwa kwa mwenye nyumba. Hii ilipelekwa kwa wasomaji wa jarida la kisayansi la Ubelgiji, kwa Kiingereza. Kama kipo kijitabu cha Kimakonde, Kimakwe au Kiswahili kilichorudishwa Nhica kueleza mambo haya, mwenye nacho akitoe hadharani. Nimekitafuta.

Tazama jinsi kazi yenyewe inavyofanyika. Mtu wa kijijini hutangulia na panga, kwa sababu ndiye anayejua njia, mahali pa maji na mahali pa nyoka. Mtaalamu hukata tawi lenye jani, ua au tunda, akalilaza kati ya kurasa za gazeti, akalibana kwa mbao na mikanda, kisha likakaushwa kwa joto. Likifika Ulaya hubandikwa au kushonwa kwa uzi juu ya karatasi ngumu nyeupe, na pembeni huwekwa lebo. Lebo hiyo ina jina la Kilatini, jina la mkusanyaji na namba yake, tarehe, mahali, vipimo vya ramani, aina ya udongo, urefu wa mti na rangi ya ua. Mara nyingi pana nafasi pia ya jina la kienyeji na matumizi. Na mara nyingi mno nafasi hiyo haina kitu.

Paris wanazo karatasi za namna hiyo takribani milioni 8, Kew takribani milioni 7. Picha za nyingi zimewekwa kwenye intaneti, na unaweza kuzifungua kwa simu ukiwa umekaa barazani kwako. Utasoma jina la aliyekata tawi, la aliyelitambua, hata la aliyekosoa utambuzi huo miaka thelathini baadaye. Aliyetangulia na panga utamtafuta usimwone. Alijua mti unapoota, alijua maua yake hutoka mwezi gani, alijua ukiumwa tumbo la namna gani ndipo uuchemshe. Katika kumbukumbu ya sayansi hakuwepo.

Wapo watakaosema nakuza jambo dogo. Basi na tuulize mto, kwa sababu mto huu una kumbukumbu ndefu.

Kabla ya gesi ya leo mbele ya Palma ilikuwa sandarusi. Watu wa pwani hii waliichimba kwa majembe mchangani, chini ya misandarusi iliyokwisha kufa zamani, ikapelekwa Unguja, na kutoka Unguja hadi Salem, Massachusetts, ikawa vanishi ya kung'arisha viti na meza za watu ambao hawakuwahi kuuona mchanga ule. Mwaka 1861 David Livingstone aliingia Ruvuma kwa meli ya Pioneer, na mwaka 1862 akarudi. Alikuwa na John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea, ambaye mimea aliyoikusanya ilipelekwa Kew. Huko Kew alikuwapo Joseph Hooker, aliyekuwa amezunguka Himalaya, Sikkim na Nepal, kati ya 1848 na 1850 na kurudi na shehena yake ya mimea ya milimani. Mlima ule mkubwa na mto wetu vikakutana ndani ya jengo moja kando ya Mto Thames, vimekauka, vimeandikwa namba.

Kirk baadaye akawa balozi wa Waingereza Unguja. Mtoria, mtambaazi wa mwituni ambao watu wetu walijua matunda yake na utomvu wake unaonata, ukapewa jina lake: Landolphia kirkii. Katika miaka ya 1870 na 1880 mpira wa mwituni ukawa bidhaa kubwa ya pwani hii. Mwaka 1881 Sultani Barghash naye alimtuma Joseph Thomson kupanda Ruvuma kutafuta makaa ya mawe, na Thomson akarudi na habari kwamba makaa ya maana hayapo. Mwaka 2010 wakaja wenye meli za kuchimba bahari, wakakuta gesi mbele ya Palma, gesi nyingi kuliko ndoto ya sultani yeyote.

Sandarusi, utomvu, makaa, gesi. Kila kizazi hufika na chombo kipya cha kupimia, na kila mara kinachopimwa hupata jina, bei na mwenyewe mahali pengine. Leo kinachochumwa ni maarifa: majani, maneno, ngano, makaburi, simulizi za waliokimbia vita. Usiniambie maarifa hayana uzito kama gogo. Gogo likiondoka mti mwingine huota. Maarifa yakiondoka bila kubaki, mjukuu wa Nhica atalazimika kujifunza Kiingereza au Kifaransa ili asome msitu wa babu yake ulikuwaje.

Tena kuna lililo baya kuliko kutorudisha: kurudisha kwa mwenye bunduki. Miaka ya mwisho ya 1950 mtaalamu wa mila wa Kireno, Jorge Dias, pamoja na mkewe Margot, walianza kazi kwenye nyanda za Wamakonde. Vitabu vinne vya kazi hiyo, vilivyotoka kati ya 1964 na 1970, vinasifiwa hadi leo kwa undani wake. Lakini Dias aliandika pia ripoti za siri kwa serikali ya Lisbon, akieleza hali ya kisiasa ya wenyeji na manung'uniko yao. Tarehe 16 Juni 1960, katikati ya miaka hiyohiyo, watu waliokusanyika Mueda, kwenye nyanda hizohizo, kudai haki yao wakapigwa risasi. Sisemi daftari la Dias ndilo lililofyatua risasi. Nasema mzee wa Cabo Delgado anayemtazama mgeni mwenye daftari kwa jicho la pembeni si mjinga. Anakumbuka.

Na asiniambie mtu kwamba huo ndio utaratibu wa elimu na hauna dawa. Eduardo Mondlane mwenyewe, aliyeongoza FRELIMO hadi alipouawa Dar es Salaam mwaka 1969, alikuwa msomi wa sayansi ya jamii mwenye shahada ya udaktari. Chuo kikuu kinachobeba jina lake pale Maputo kilianzisha Kituo cha Mafunzo ya Kiafrika mwaka 1976. Pale mwanahistoria, mwanauchumi na mwanafunzi walikwenda kijijini na mgodini pamoja, wakiuliza maswali ambayo nchi changa ilihitaji majibu yake. Ruth First, aliyeongoza utafiti wa kituo hicho, aliuawa ofisini kwake kwa bomu la barua tarehe 17 Agosti 1982. Makaburu walijua kitu ambacho wafadhili wengi wa leo wamekisahau: utafiti unaowahudumia watu una nguvu ya kutikisa dola.

Kosa la pili, ambalo ni pacha wa la kwanza, ni kuikata Nhica vipande. Mtaalamu wa mimea anauona msitu bila makaburi yaliyomo ndani yake. Mtaalamu wa lugha anaisikia lugha. Maud Devos ametuandikia sarufi nzima ya Kimakwe, iliyochapishwa 2008, kazi ya kuheshimika sana. Mwanahistoria anafuatilia usultani wa Tungi, uliotawala ghuba ya Palma hadi Wareno walipoiteka mwaka 1887. Mchambuzi wa vita anahesabu mashambulizi. Mshauri wa kampuni anahesabu kaya zitakazohamishwa na mikorosho itakayolipwa fidia. Kila mmoja ana kipande, kila kipande kina jarida lake, na hapana meza ambako vipande hivyo vinakutanishwa. Mkulima wa Nhica peke yake ndiye anayeishi vyote kwa siku moja: anaamka katika lugha yake, analima pembeni ya msitu, anapita kaburi la babu yake, anasikia mlio wa bunduki, anaulizwa na mgeni ana mikorosho mingapi. Yeye ndiye mtafiti wa nyanja nyingi wa kwanza na wa pekee, na ndiye asiyealikwa.

Madhara ya kukatakata huku si ya kinadharia. Msitu umekwisha sehemu nne kati ya tano, nani amelaumiwa? Mkulima anayefyeka na kuchoma. Ni kweli kwamba anafyeka na anachoma, na asiyekubali hilo hajasimama Cabo Delgado mwezi wa Oktoba akanusa hewa. Lakini muulize mwanahistoria kwa nini anafyeka pale anapofyeka. Wakati wa vita vya ukombozi, baada ya risasi ya kwanza ya tarehe 25 Septemba 1964, Wareno waliwahamisha watu wa kaskazini kwa nguvu na kuwaweka katika vijiji vyenye ulinzi ili FRELIMO isipate chakula. Baada ya uhuru, serikali mpya nayo ikawakusanya watu katika vijiji vya jumuiya, kama sisi Tanzania tulivyofanya miaka ya 1970. Watu waliokuwa wametawanyika, kila ukoo na eneo lake la kuhamahama na kulipumzisha, wakabanwa mahali pamoja, na mashamba yakabanwa nao. Kipande cha ardhi kilichokuwa kikipumzika miaka mingi kikapumzika michache. Hilo huwezi kuliona kwenye picha ya satelaiti. Utaliona satelaiti ikikaa meza moja na mzee.

Himalaya imetufundisha somo hilihili kwa gharama kubwa. Katika miaka ya 1970 ilienea hofu kwamba wakulima maskini wa milima ya Nepal wanakata misitu, udongo unaporomoka, na mafuriko yanaizamisha Bangladesh. Ikawa kama amri ya dini, fedha na sera zikafuata. Kisha Jack Ives na Bruno Messerli, mwaka 1989, wakaweka pamoja ushahidi wa wanajiolojia, wa wataalamu wa maji, wa misitu na wa jamii, wakaonyesha kwamba mlolongo ule haukuwa na msingi wa kutosha. Milima ile mikali huporomoka yenyewe chini ya masika yake, na mafuriko ya nyanda za chini yana sababu zake. Mkulima alikuwa amehukumiwa kwa ushahidi wa upande mmoja. Lililomwokoa ni elimu nyingi kukaa pamoja na kumtazama kama mtu.

Tena watu wa milima ile walipata jambo lingine tusilokuwa nalo. Mwaka 1983 kilianzishwa Kathmandu kituo cha utafiti wa milima, ICIMOD, ambacho leo ni cha nchi nane: Afghanistan, Bangladesh, Bhutan, China, India, Myanmar, Nepal na Pakistan. Baadhi ya nchi hizo zimepigana vita kati yao. Bado zimekubali kwamba barafu ya Himalaya haiulizi pasipoti, na mwaka 2019 kituo hicho kikatoa tathmini iliyosema kwamba hata joto la dunia likizuiliwa kwenye nyuzi 1.5, theluthi moja ya barafu ile itayeyuka kufikia mwisho wa karne hii. Onyo hilo lilitoka kwenye milima yenyewe. Sisi wa Ruvuma ni nchi mbili tu, hatujawahi kupigana, tulikomboana. Kituo chetu kiko wapi?

Badala yake tumepata vita na rundo la ripoti za vita. Tarehe 5 Oktoba 2017 kundi la waasi lilishambulia mji wa Mocímboa da Praia. Oktoba 2020 Kitaya, upande wa Mtwara, ikaonja. Tarehe 24 Machi 2021 Palma ikaingiliwa, na mwezi uliofuata mradi wa gesi ukasimamishwa. Nhica na Pundanhar, kwenye barabara ya kuelekea Nangade, nazo hazikusalimika. Dunia ikagundua Cabo Delgado kwa siku moja, na wachambuzi ambao hawajui kusema hata hodi kwa Kimwani wakaanza kutufafanulia mioyo ya vijana wa Mocímboa.

Wako waliofanya kazi kwa haki, na niwataje: Shekhe Saide Habibe, Salvador Forquilha na João Pereira, Wamsumbiji, waliochapisha mwaka 2019 utafiti wao kuhusu chimbuko la kundi lile Mocímboa. Wengi wanaoandika leo wanategemea kazi yao. Lakini kumbuka pia yaliyompata Ibraimo Abú Mbaruco, mtangazaji wa redio ya jamii ya Palma. Alitoweka tarehe 7 Aprili 2020 baada ya kutuma ujumbe kwamba amezungukwa na askari. Hajaonekana tena. Mtu aliyekuwa na kipaza sauti cha Palma amenyamazishwa, na wenye vipaza sauti vya mbali wanasikika kila siku. Ukitaka kuelewa kwa nini nasema utafiti ni suala la uhai na kifo, anzia hapo.

Najua majibu ya wakubwa, nimeyasikia kwenye makongamano.

Wanasema Kilatini ni lazima. Sawa, na hakuna anayeomba kifutwe. Tunaomba jina la pili liandikwe chini yake.

Wanasema wanakijiji hawasomi majarida. Katika Hifadhi ya Kihistoria ya Msumbiji, Maputo, zimo barua za Kiswahili, kwa hati ya Kiarabu, ambazo watawala na mashekhe wa kaskazini waliwaandikia Wareno katika karne ya 19. Watu waliofanya siasa za kimataifa kwa Kiswahili cha maandishi miaka mia na hamsini iliyopita, leo ndio wanaambiwa hawataelewa kijitabu cha kurasa ishirini? Na asiyesoma anasikia redio. Asiye na redio anakaa kwenye baraza la kijiji. Njia hazikosekani kwa mwenye nia.

Wanasema bajeti haitoshi. Bajeti iliyotosha tiketi za ndege, magari, hema na kusafirisha mimea mikavu kuvuka bahari itamtosha mtafsiri mmoja kwa wiki mbili.

Wanasema vita. Makala ya mimea ilitoka 2011. Vita vilianza Oktoba 2017. Katikati palikuwa na miaka sita ya kupeleka habari.

Wala sitawaacha wa kwetu wapite. Agosti 2019, pale Dar es Salaam, SADC ilikubali Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne, na Msumbiji ni mwanachama. Kila Julai 7 tunavaa vitenge, tunaimba sifa za lugha yetu. Vyuo vyetu vina idara za Kiswahili zenye maprofesa, lakini mwanafunzi wa shahada ya uzamili anaandika juu ya Ruvuma kwa Kiingereza ili asomwe na watu wasiofika Ruvuma. Mwaka 2021, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lililalamika kwamba maelfu ya waliokimbia Palma walirudishwa na Tanzania kupitia mpaka wa Negomano. Tuliwarudisha watu, lakini maarifa yao hatukuwarudishia. Aibu hii ni yetu wenyewe, na haifutwi kwa kuwanyoshea kidole Kew na Paris.

Basi nadai, na nadai kwa sauti. Kibali chochote cha utafiti katika bonde la Ruvuma, kikitoka Maputo au kikitoka COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia ya Tanzania, kiwe na sharti lisilojadiliwa: mwaka mmoja baada ya kuchapisha, muhtasari urudi kwa lugha ya mahali, usomwe barazani na redioni, nakala ibaki shuleni. Kila sampuli iwe na jina la kienyeji, lugha iliyotajwa, na jina la aliyelitoa kama ameridhia. Chuo Kikuu cha Lúrio, chenye kampasi Pemba, na vyuo vya Mtwara viungane kuanzisha kituo kimoja cha Ruvuma, ambako mtu wa mimea, wa lugha, wa historia na wa kilimo watakaa meza moja na wazee, kwa Kiswahili, Kimakonde na Kireno.

Hakuna ninachoomba kisichowezekana. Kanuni za misitu za Msumbiji za mwaka 2002 zilitenga asilimia 20 ya ada za uvunaji kwa jamii zinazoishi mahali pa uvunaji. Mkata magogo anadaiwa; kwa nini mkata majani hadaiwi? Wasani wa Afrika Kusini waliandika wenyewe, mwaka 2017, kanuni ambazo mtafiti yeyote anayewaendea lazima azifuate. Na hapa pwani, Quentin Luke, aliyekuwamo katika kazi ileile ya Cabo Delgado, ndiye aliyechunguza, pamoja na Ann Robertson, makaya ya Wamijikenda, misitu yao mitakatifu, miaka ya 1980. Kazi yao ilifuatwa na hatua za sheria, wazee wakatambuliwa kuwa walinzi, na mwaka 2008 makaya yakaingia katika urithi wa dunia wa UNESCO. Msitu wa Kaya Kinondo, kule Kwale, umesimama kwa sababu elimu ya mimea na kauli ya mzee vilisimama upande mmoja. Lililowezekana Kwale halishindikani Palma.

Nimalize na jambo dogo. Nilikuwa Mikindani, nimekaa na mzee aliyevuka kutoka upande wa Palma. Nikafungua kwenye simu picha ya karatasi moja ya mmea uliochumwa upande wa kwao, nikamwonyesha. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Igeuze, mwanangu, nione mgongo wa jani."

Nikamwambia picha haigeuki.

"Basi ganda lake ukilikata, ndani linakuwaje?"

Nikasoma lebo ya Kiingereza nikamfasiria: ganda laini, ndani jekundu. Akauliza urefu, lebo ilikuwa nao. Akauliza udongo, ulikuwapo, mchanga. Akauliza ulichumwa mwezi gani, nikamtajia. Kila alichouliza mzee, mtaalamu alikuwa amekiandika. Walikuwa wakiuliza maswali yaleyale, watu wawili wa elimu moja, waliopitana njiani bila kusalimiana. Kilichokosekana ni jina tu, na jina lilikuwa kwa mzee. Alilitaja, mara moja, kwa Kimakonde. Nikachukua kalamu, akanizuia mkono.

"Usiandike bado. Jani la kwenye kioo haliapiwi. Nipeleke nikasimame chini yake, niunuse, ndipo nitakwambia na wewe utaandika."

Nafasi ile kwenye lebo bado ni tupu. Mwenye jina yupo hai, ameketi Mikindani, anasubiri gari.